Teke la Kugeuka

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu ametuamuru kila mmoja awe na daftari. Tukitoka mazoezini tuandike miguu yetu imefanya nini siku hiyo, maana kichwa kinasahau na mguu haujui kuandika. Basi naandika. Leo miguu yangu imepiga hewa, imeteleza, na imenikalisha chini mara mbili. Mara ya kwanza nilisingizia sakafu.

Tuko wanafunzi tisa, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa bati nyuma ya shule. Msimu uliopita tulijifunza kujinasua mkono ukishikwa, kuanguka bila kuumia, na teke la mbele. Msimu huu ni mateke ya wakubwa: la ubavu, la mzunguko, na la kugeuka. Mtihani wa mkanda ni tarehe kumi na nane Mei.

Mwalimu mwenyewe hapigi teke lolote. Alikuwa askari magereza miaka thelathini, nyonga ikachoka, akawekewa ya chuma. Anafundisha akiwa amekaa kwenye stuli, fimbo mkononi, na mateke anatuonyesha kwa vidole viwili vinavyotembea juu ya paja lake. Nimeshawahi kuona vidole vyake vikipiga teke zuri kuliko langu.

Mimi ni mkata vitambaa katika karakana ya sare za shule. Nilijiunga kwa sababu ya wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Aliachana na mumewe mwaka jana na sasa ana miezi saba kwenye chumba chetu cha nyuma. Kaka yake alitaka atoke kidogo, naye hakutaka kutoka peke yake, nikamsindikiza. Nimesindikiza mpaka leo. Namwita wifi, naye ananiita wifi. Anayetusikiliza kutoka nje anaweza kudhani nyumba ina mwangwi.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Bati linapiga kelele hata sauti ya Mwalimu haifiki. Tumefundishwa kwa fimbo.

Jumanne, 12 Machi

Teke la ubavu. Goti linapanda kwanza, nyonga inafunguka, halafu kisigino kinakwenda mbele kama mtu anayesukuma mlango kwa mguu kwa sababu mikono imejaa. Mlango huo ninaujua, nyumbani nausukuma kila siku, lakini leo haukufunguka.

Wifi amelipata mara ya pili tu. Hana nguvu nyingi ila mguu wake unajua njia. Aliyeshika ngao ya sponji ni yule mwoka mikate tunayemwita Gunia, kwa jinsi alivyo mpana na kwa jinsi anavyopigwa bila kulalamika. Leo alirudi hatua moja nyuma. Gunia harudi nyuma ovyo. Aliitazama ngao, akamtazama wifi, akamwambia kwa heshima zote apige tena ili ahakikishe.

Jumapili, 17 Machi

Leo si siku ya mazoezi, lakini daftari ni langu.

Wifi ana mambo. Mezani lazima akae upande wa ukutani. Nikimtangulia kukaa hapo anasimama na sahani mkononi, ananisubiri nihame. Tukitembea, mimi niende mbele, yeye nyuma, kama vile nimeajiriwa kumfagilia njia. Akiosha vyombo anasimama upande upande, beseni liko huku na yeye ameelekea mlangoni, sakafu inalowa, na anayepiga deki ni mimi. Leo nimemweleza mume wangu kwamba dada yake ana maringo. Alikuwa anatengeneza feni. Akasema nimzoee tu, wifi amekuwa hivyo tangu utotoni. Halafu akafikiri, akasema hapana, utotoni hakuwa hivyo. Akarudi kwenye feni yake.

Jumanne, 19 Machi

Mzunguko. Nimempiga Gunia kwenye kiwiko. Ameniomba msamaha yeye.

Jumanne, 26 Machi

Leo tumeanza teke la kugeuka. Mwalimu alituita karibu, vidole juu ya paja. Unamwangalia adui. Kisha unageuka, unampa mgongo, na kwa kufumba na kufumbua kisigino kinatoka nyuma kama cha punda. Ndilo teke lenye nguvu kuliko yote na ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu kuna nukta moja humwoni mtu. Nukta hiyo, alisema, huwezi kuikwepa wala kuipunguza. Lazima uiishi.

Mimi nililipiga vibaya, lakini nililipiga. Wifi alishindwa. Bega linageuka, kiuno kinageuka, kichwa kinarudi. Mara saba. Mara ya saba alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyekimbia, na mguu haujaondoka sakafuni. Alitoka akaenda kusimama kibarazani, mvua ikimrukia.

Kwa kuwa daftari hili halisomi mtu, niandike ukweli: nilifurahi kidogo. Kuna kitu mimi nilikiweza na yeye hakukiweza. Furaha yenyewe ilidumu mpaka nilipomwona uso.

Alhamisi, 28 Machi

Kichwa kinarudi.

Jumanne, 2 Aprili

Bado. Maji yamepita kwenye bati, tumeweka ndoo mbili.

Alhamisi, 4 Aprili

Bado. Ndoo nne.

Jumanne, 9 Aprili

Mwalimu alinibakiza baada ya wengine kutoka. Nilijua ni mguu wangu wa kusimamia, maana unalegea. Kumbe aliniuliza swali moja tu: nyumbani kwetu wifi anakaa upande gani wa meza. Nikajibu, wa ukutani, siku zote, na nikaongeza habari ya beseni na deki. Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. Akasema ameishi na watu wengi wanaokaa hivyo, kisha akaniambia niende kabla mvua haijarudi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza: kwa hiyo wifi ana tabia za wafungwa. Ndivyo nilivyoelewa. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo.

Jumatano, 17 Aprili

Jana sikuandika kwa sababu kuinama hakukuwezekana. Hata sasa naandika nimeegemea mito mitatu.

Jana umeme ulikatika karakanani, tukaachiwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa inamwagika. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nimevua viatu ili nisichafue. Wifi alikuwa jikoni anaosha sufuria kubwa, ile isiyoingia kwenye beseni mpaka uielekee vizuri, kwa hiyo safari hiyo alikuwa amegeukia ukuta. Bomba liko wazi, bati linanguruma, hakunisikia. Nilifurahi kumwona anaosha vyombo kama watu wengine. Nikamfuata, nikamwekea mkono begani nimsalimie.

Sikuliona teke. Niliona kabati la vyombo linanijia kwa mgongo, nikajikuta nimekaa chini katikati ya vikombe, pumzi haiingii wala haitoki. Wifi alikuwa amesimama, ngumi juu, macho yananipita kama vile nyuma yangu kuna mtu. Kisha akaniona. Sufuria ikaanguka. Alipiga magoti kwenye vipande vya vikombe akawa anasema neno moja tu, samahani, samahani, mpaka likapoteza maana.

Mume wangu alinipeleka zahanati. Wifi hakuweza kuja, alikuwa anatetemeka hata viatu vinamshinda. Mganga aliuliza nimeangukia nini. Nikasema sikuanguka, nimepigwa teke na wifi yangu. Aliacha kuandika, akauliza kama nataka kushtaki. Nikamjibu nataka kumpongeza, ila kucheka kunauma. Ubavu mmoja una ufa. Wiki sita bila mazoezi, bila kubeba, bila kukohoa nikiweza.

Nilipolala jana niliwaza jambo moja. Teke lile lilikuwa kamili. Kisigino, nyonga, kila kitu mahali pake. Mguu wake umekuwa ukilijua siku zote.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi kitanda cha wifi kilikuwa kimetandikwa, begi halipo. Mume wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Sikumpigia. Nilijifunga kanga kifuani ikaze ubavu, nikaenda kituo cha mabasi kwa miguu, taratibu kama bibi harusi.

Nilimkuta kwenye benchi, ukutani, begi mapajani. Aliponiona alisimama kunipisha nikae, kisha akakumbuka kwamba anakimbia, akabaki hajui la kufanya. Nikakaa. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema bado hajaamua, anaangalia mabasi yenyewe yanakwenda wapi.

"Wifi, nimekuvunja," akasema.

"Hujanivunja. Ni ufa tu, kama wa kikombe."

Mabasi mawili yaliondoka.

"Nilidhani ni yeye."

Ndipo akanieleza, akitazama mbele, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Mumewe hakuwahi kumpiga wakitazamana. Wakitazamana alikuwa mtu mpole, majirani walimpenda. Alimpiga kutoka nyuma. Akiwa jikoni, akitandika kitanda, akifunga dirisha. Hakuwa anasema kitu kabla wala baada. Miaka sita wifi amejifunza kuishi bila kumpa mtu mgongo, na alipofika kwetu hakuweza kuacha, hata alipojua kwamba wanaokaa nyuma yake ni mimi na kaka yake.

Nikakumbuka kiti. Nikakumbuka njia niliyokuwa nikimfagilia, na sakafu iliyolowa, na maneno niliyomwambia mume wangu alipokuwa anatengeneza feni. Yote yamo humu, kwa mwandiko wangu.

"Angekuwa yeye," nikamwambia, "leo ningekuwa nimekaa hapa nakupigia makofi."

Alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Sasa niandike jambo ambalo sijaliandika popote. Miaka miwili iliyopita wifi alikuja kwetu bila taarifa, akakaa siku tatu. Alisema tu kwamba amechoka. Mume wangu alimkalisha akamwambia kila nyumba ina mambo yake, arudi akatulie. Na mimi nilikitaka chumba cha nyuma kwa ajili ya vitambaa vyangu vya kazi. Nilimwambia wifi, nenda ukavumilie kidogo. Nikamfungia mkate wa njiani, nikampa koti langu kwa sababu kulikuwa na baridi, na nikarudi ndani nikijiona mtu mwema.

Nilimwambia yote haya pale kwenye benchi. Nikamwambia, nilikurudisha kwa mikono yangu, nisamehe.

"Koti lilikuwa zuri," akasema. Kisha akafikiri, na nilimwona anafikiri kweli, hatafuti neno la kunipoza. "Sijui kama nimeshakusamehe, wifi. Lakini siondoki kwa sababu ya hilo. Naondoka kwa sababu nimekuumiza."

"Basi rudi ukanichukie ukiwa nyumbani."

Alicheka. Nikacheka na mimi, na maumivu yakanikunja mpaka mwuza tiketi akatokeza kichwa dirishani kuuliza kama aite mtu. Wifi alinishika mkono akamwambia asihangaike, huyu ni ndugu yake, ana tabia ya kucheka vibaya.

Tulirudi pamoja. Begi alibeba yeye. Nilitaka kutangulia kama kawaida, nikasita, nikamwuliza anapenda tutembee vipi. Akasema sambamba.

Jumanne, 23 Aprili

Wifi mwenyewe alimweleza Mwalimu, mimi nikiwa nimesimama kando. Mwalimu hakushangaa. Alisema mguu hauna tatizo. Mgongo ndio umekesha zamu peke yake miaka yote hii, sasa tuupe wa kupokezana nao.

Dawa yenyewe ni hii: wengine wakifanya mazoezi yao, wifi anasimama ameelekea ukuta wa mwisho wa ukumbi. Mimi nakaa kwenye kiti nyuma yake, hatua mbili. Siondoki, sisogei, naongea muda wote ili ajue niko wapi. Akitaka kugeuka ageuke, hakuna wa kumcheka.

Leo aligeuka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Mara tisa. Mara ya kumi tulifika karibu dakika moja.

Alhamisi, 25 Aprili

Dakika moja na nusu. Mimi nimezungumzia vifungo.

Jumanne, 30 Aprili

Dakika tatu. Mvua kubwa, ikabidi nipaze sauti, na ukumbi mzima ukasikia habari ya mwalimu mkuu aliyeturudishia suruali mia moja na ishirini zenye mifuko miwili upande mmoja na upande wa pili hakuna. Mabega ya wifi yalitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Gunia naye alicheka akaangusha ngao, akapigwa teke lisilokuwa lake.

Alhamisi, 2 Mei

Tano. Ubavu unauma kwa maneno mengi. Sijawahi kuongea hivi tangu nizaliwe, na mume wangu anasema hiyo si kweli.

Jumanne, 7 Mei

Tulikuwa dakika ya nane hivi, nikiwa katikati ya mkasa wa fundi aliyejishonea mkono wa shati lake kwenye sketi ya mteja, Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Ninyamaze. Sikutaka. Alirudia. Nikanyamaza.

Niliona mabega ya wifi yanapanda, shingo inakakamaa, vidole vya mkono wa kulia vinajikunja kimoja kimoja. Mvua ilikuwa nyepesi, ukumbi wote umetulia. Nilikuwa nataka kumwita na nimekatazwa.

"Wifi, upo?" akauliza, bila kugeuka.

"Nipo."

Mabega yakashuka. Nilikuwa sijawahi kuyaona yakishuka namna ile, kama mtu aliyetua mzigo. Akasimama hivyo hivyo mpaka Mwalimu alipogonga fimbo. Dakika kumi na nne.

Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi na tisa. Sidhani kama nimewahi kumwambia mtu neno lililofanya kazi kubwa kuliko hilo.

Alhamisi, 9 Mei

Gunia amekaa mahali pangu. Hana mikasa, kwa hiyo alimweleza wifi namna ya kuoka mkate, tangu kuchekecha unga. Kwa sauti ile nzito, polepole, bila kuruka hatua. Wifi aligeuka mara nne. Mara ya tano hakugeuka, na walipofika kwenye kuumua unga akauliza swali juu ya joto la maji. Gunia alilijibu kwa makini kama vile ni wifi ndiye atakayewasha tanuri kesho.

Jumanne, 14 Mei

Mguu umeondoka sakafuni. Haukufika kwenye ngao, ila umeondoka.

Alhamisi, 16 Mei

Amekataa kulijaribu. Amesema Jumamosi hafanyi mtihani. Mwalimu amesema sawa. Tumerudi sambamba.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi alikuwa amevaa kabla sijaamka.

Wasimamizi walikuwa watatu, Mwalimu na wageni wawili kutoka vilabu vingine, mezani na karatasi zao. Mimi nilikaa na watazamaji kwa ajili ya ubavu. Wifi alipita la mbele, la ubavu, la mzunguko, safi yote. Kisha mgeni mmoja, mwenye miwani, akataja la kugeuka, Gunia akachukua ngao.

Walitazamana. Wifi alivuta pumzi, akageuka, na kichwa kikarudi. Mgeni akaandika kitu. Mwalimu hakuandika. Mtu ana nafasi tatu.

Mara ya pili aligeuka na hakurudi. Lakini hakupiga. Alibaki pale, mgongo kwa Gunia, mgongo kwa meza, mgongo kwetu sote. Ukumbi ulidhani amesahau. Mimi nilijua hajasahau kitu, alikuwa anaiishi ile nukta, anaitandaza, anaona ina upana gani. Nilijikuta nimesimama. Nilitaka kusema nipo. Sikusema, na hakuuliza.

Kisha akageuka taratibu, akamwinamia Gunia kumwomba radhi, akaomba nafasi ya tatu.

Ya tatu siwezi kuieleza vizuri kwa sababu ilikwisha kabla sijaiona. Nilisikia ngao. Gunia alirudi hatua mbili, akatafuta ya tatu, akakaa. Alikaa pale sakafuni na ngao imemlalia tumboni, akicheka kimya kimya kama mtu aliyepewa zawadi.

Wifi hakushangilia. Alimpa mkono akamwinua. Mwalimu alikuwa ameinamia karatasi yake muda mrefu kuliko karatasi yenyewe ilivyohitaji. Alipoinua uso alimwita mbele, akamfunga mkanda kiunoni kwa mikono yake, fimbo imeegemezwa mezani.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi, wakati wa chai, wifi alimweleza kaka yake. Alimweleza yote, pamoja na zile siku tatu za miaka miwili iliyopita. Nilitaka kuondoka niwaache, akasema nikae.

Mume wangu aliweka kikombe chini. Akatoka nje, akasimama uani kwenye manyunyu, bila kofia. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikasimama. Aliporudi alikuwa amelowa uso mzima na sikuuliza ni maji gani. Hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa mbele ya mdogo wake, yeye mkubwa, mwenye mvi.

"Ulikuja kwangu na nikakurudisha," akasema. "Sina cha kujitetea."

Wifi alimtazama. Akamfuta maji usoni kwa upindo wa kanga yake, akamwambia chai inapoa.

Jumamosi, 25 Mei

Wifi amehama. Amepata chumba mitaa miwili kutoka hapa, chenye madirisha mawili. Mume wangu ametundika rafu, zimepinda, hakuna aliyemwambia. Kile chumba cha nyuma nilichokuwa nakitamani sasa ni changu na vitambaa vyangu. Nimekaa humo saa nzima leo, sijakata hata kitambaa kimoja.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua imekatika. Mganga ameridhika, mfupa umeunga. Nimerudi mazoezini.

Mwalimu aliuliza nani atanifundisha upya lile la kugeuka, maana nimesahau hata kile kidogo nilichokuwa nakijua. Wifi alishachukua ngao kabla swali halijaisha.

Kwa ualimu wifi ni mkali kuliko yule wa stuli. Goti langu liko chini. Kisigino changu kinachungulia badala ya kupiga. Mguu wa kusimamia ni wa ufagio. Nimerudia mara kumi na nne na zote kumi na nne amezikataa, moja baada ya nyingine, bila huruma, mbele ya watu. Ya kumi na tano ngao ililia. Si sana, lakini ililia. Niligeuka kumtazama. Aliiweka ngao chini, akanikumbatia, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kikombe chenye ufa. Nikamwambia mfupa umeshaunga, akaze. Akakaza.